Kurekodi ndege kwa darubini ya jicho moja: pesa uziweke wapi

Ukitaka kurekodi ndege wa Mida Creek, pale Watamu, pwani ya Kenya, maji yakiwa yamekupwa na wao wametawanyika mbali kwenye tope, darubini ya jicho moja itakufikisha. Swali ni ufunge nini nyuma yake. Wengi hukimbilia kamera. Mimi nasema anza na stendi: ukivuta mara 40, upepo kidogo tu unaharibu video. Tafuta stendi nzito yenye kichwa cha video, kile kinachogeuka polepole bila kukwama. Bila hicho, yote yanayofuata ni hasara.

1. Simu na adapta, yaani kifaa cha kuishikiza simu nyuma ya darubini. Kwa watu wengi, ndiyo jibu. Simu yenye lenzi kuu ya mm 26, ikikaa nyuma ya darubini inayovuta mara 20, inakupa picha kama ya lenzi ya mm 520 (kwenye lenzi, mm zikiwa nyingi, ndege anaonekana karibu zaidi). Kazi ipo kwenye adapta. Zile rahisi za kubana huteleza, na zikiteleza kidogo tu, weusi unaingia pembeni mwa picha. Chukua yenye pete inayoshika barabara, na upime upana wa nje wa kioo cha kutazamia kabla ya kulipa. Simu za kamera tatu nazo zina tabia ya kujibadilishia lenzi katikati ya kurekodi. Programu ya bure ya Blackmagic Camera inakuwezesha kuchagua lenzi moja na kufunga fokasi na mwanga.

2. Kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), na lenzi fupi isiyovuta. Panasonic ya Micro Four Thirds (mfumo wa kamera ndogo za kubadilisha lenzi) na lenzi yake ya mm 20 ni mfano mzuri. Unapata tundu la maikrofoni (si aina zote, uliza) na vitufe vya kurekebisha kila kitu kwa mkono. Ila usitarajie muujiza wa mwanga, kwa sababu darubini ndiyo inayoamua. Yenye kioo cha mbele cha upana wa mm 80, ikivuta mara 20, hutoa duara la mwanga la mm 4. Ukiipeleka mara 60, linabaki mm 1.3, yaani mwanga umepungua mara 9. Hapo hata kamera ya bei mbaya inahangaika, na joto la adhuhuri juu ya tope linafanya picha ichezecheze. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya ziada, nunua darubini yenye kioo kipana cha mbele, usinunue namba kubwa ya kuvuta.

3. Kamera ndogo ya mfukoni, kama Sony RX100. Inafaa ukiipata mtumba. Angalia tu lenzi yake inapotoka isigonge darubini.

4. DSLR, yaani kamera yenye kioo cha ndani. Nzito, inainamisha darubini nyuma. Iache.

Kama darubini yenyewe bado hujanunua, fikiria Nikon P1000 ya mwaka 2018: inafika sawa na mm 3000 peke yake, bila adapta yoyote. Sensa yake, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo, kwa hiyo alfajiri itakusumbua. Na stendi bado utaihitaji.