Nimepima mbwa wangu wa kuzalisha hapa Lubumbashi: jeni na picha ya nyonga

Nafuga Berger Allemand (German Shepherd) hapa mtaa wa Bel-Air, na watoto wao huchukuliwa zaidi na watu wanaotaka mlinzi wa nyumbani. Safari hii, kabla ya kupandisha, nililipia vipimo viwili kwa jike langu Tina na dume langu Max: kipimo cha jeni, sampuli ikienda maabara ya Ujerumani, na eksirei ya nyonga kwa daktari wa mifugo wa hapa mjini. Vyote viwili nimevikubali. Ila kimoja hakizibi nafasi ya kingine, na wafugaji wengi ninaozungumza nao wanadhani karatasi ya jeni inatosha.

Kipimo cha jeni hakitaki hata damu. Unasugua kibrashi ndani ya shavu la mbwa ambaye hajatoka kula, unakiacha kikauke hewani, ndipo unakitia kwenye bahasha. Daktari alisoma chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya kila mbwa, akaandika namba yake ya tarakimu 15 kwenye fomu na kutia saini, ili mnunuzi asiseme mate ni ya mbwa mwingine. Kinachouma ni usafirishaji: kutoka hapa ulinigharimu kuliko kipimo chenyewe. Wafugaji watatu au wanne wakiungana kwenye kifurushi kimoja, gharama inapungua sana.

Nilikuwa natafuta DM, ugonjwa wa uti wa mgongo. Mbwa aliyekuwa mzima, akifika miaka 8 hivi au zaidi, anaanza kuburuta miguu ya nyuma bila maumivu, mwisho anapooza. Hauna tiba. Kasoro iko kwenye jeni ya SOD1, na uhusiano huo ulitangazwa mwaka 2009. Max alitoka safi. Tina ana nakala moja yenye kasoro, yaani ni mbebaji.

Rafiki yangu akaniambia, “Papa, huyo jike umuondoe.” Sikubaliani naye kabisa. Mbebaji akipandwa na dume safi, hakuna mtoto atakayerithi nakala mbili. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama mama yake. Wabebaji wawili ndio wasikutanishwe, maana hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili. Na hata mwenye mbili anaweza kuzeeka bila kuugua. Jike mtulivu, mwenye akili na anayelea vizuri hatupwi kwa sababu hiyo.

Eksirei ndiyo iliyobadilisha mipango yangu. Mbwa lazima awe ametimiza angalau mwaka mmoja, na jike asiwe kwenye joto la kutaka dume. Anachomwa dawa ya usingizi, analazwa chali, miguu ya nyuma inanyooshwa sambamba na magoti yanageuzwa ndani kidogo. Daktari wangu alirudia picha ya Max kwa sababu nyonga zilikaa upande, na hapo ndipo nilipomwamini.

Ngazi za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, zinaanzia A, nyonga nzuri, hadi E, mbovu kabisa. Tina alipata A. Max alipata D. Mama mmoja wa mtaa wa Golf, aliyekuwa akisubiri watoto wa Max, akashangaa: “Papa, si anakimbia vizuri huyo?” Ni kweli anakimbia, na kwa umri wake hachechemei. Lakini nyonga mbovu haitokani na jeni moja ambayo maabara ingeiona kwenye mate. Ni jeni nyingi zikishirikiana na chakula, uzito na mazoezi wakati wa kukua. Max atabaki mlinzi wangu, tutamwangalia uzito, na hatapandishwa.

Tina atakwenda kwa dume wa Likasi, safi wa DM na mwenye nyonga za B. Mwenye dume huyo alinitumia karatasi na picha kabla hatujataja bei. Kwa mwenye pesa ya kipimo kimoja tu mwaka huu, na mbwa wake ni wa aina hii, ningemwambia aanze na eksirei, tena kwa daktari anayekubali kurudia picha iliyokaa vibaya.