Kwa mzee wa milango, upande wa Kisauni: nimenunua, nimebeba, haya ndo maoni yangu

Kila anayepita kwetu anauliza ule mlango wa barazani nimeutoa wapi, wengine washaamua wenyewe kwamba nimeagiza Lamu, basi wacha niandike mara moja nipumzike. Sikuagiza Lamu. Nimeununua kwa mzee mmoja, ukishuka Kengeleni, ile njia panda ya Kisauni hapa Mombasa, unaingia ndani ndani huko, ni uwanja umezungushiwa mabati, hauna kibao wala jina, na mwenyewe hataki kutangazwa kwa hivo simtaji. Uliza tu "kwa mzee wa milango", watu wa bodaboda wanapajua.

Anachouza ni nyumba zilizovunjwa. Milango, madirisha, boriti za mikoko, mabati yenye tundu za misumari, bawaba za zamani amezijaza kwenye ndoo ya rangi. Kwa wale wa bara mtashangaa mali yote hii inatoka wapi, jibu ni nyumba bila ardhi. Huku Mombasa unaweza ukawa na nyumba yako kabisa, umeijenga wewe au babu yako, na mchanga ulioko chini si wako, unamlipia mwenye shamba kila mwezi. Yalianza na mambo ya hati za ardhi za mwambao, sheria ile ya 1908, waliojua kwenda kuandikisha wakaandikisha na wengine wakabaki wapangaji wa ardhi hadi kwa wajukuu. Sasa mji umevuka daraja, tangu lile la Nyali la sasa lifunguliwe 1980 huku ng'ambo ya kaskazini kumejaa, kila kiwanja kinatakiwa gorofa. Mwenye shamba akiuza, wewe unapewa notisi na unaondoka na kinachobebeka. Kuta za udongo hazibebeki. Milango inabebeka. Ukishakosa pa kuiweka, unaiuza, na mzee huyu ndo ananunua.

Sasa huduma. Nimefika mara ya kwanza saa nne asubuhi, nikamkuta kwenye kiti cha plastiki anapiga msasa fremu ya dirisha, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Usitegemee mtu akuzungushe na kukuonyesha bidhaa. Unajitembeza mwenyewe, unajikunguta mavumbi mwenyewe, ukiona kitu unarudi kuuliza bei. Mie binafsi nimependa hivo lkn najua kuna watu watasema dharau.

Kitu kimoja kilichonifanya nimwamini: kulikuwa na mlango mmoja wa nakshi, mkubwa, mweusi, una mfaa katikati umechongwa maua, yani wewe mwenyewe ukiuona unasema huu umemuona sultani. Nikauliza bei huku roho inanidunda. Akaniambia, "Mwanangu, huo ni wa juzi, umepakwa oili chafu na chai ya rangi. Ukitaka nitakuuzia lkn usiende kuwaambia watu ni wa zamani." Angeweza kunipiga pale pale na nisingejua mpaka nife.

Nilichochukua mie ni mlango wa kawaida tu wa chumba, wa mbambakofi, ule mti mgumu, ubao mmoja ni mzito kuliko mlango mzima wa hii saiprasi ya siku hizi inayopinda hata kabla hujaipaka vanishi. Nimeuchagua kwa sababu ya ubavu wake. Ukiangalia karibu na komeo kuna alama za makufuli sita. Sita! Tundu za misumari zilizozibwa kwa vipande vya mti, juu yake tundu nyingine, halafu chini kidogo pengine tena, na kila mahali rangi ni tofauti, bluu, kijani, bluu ya mwanzo inachungulia chini. Kila mpangaji aliyeingia kile chumba alikuja na kufuli lake, akapigilia pake, akahama, akaja mwingine. Nyumba zetu zile za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, hivo ndo zilivokuwa, chumba kimoja watu walizaa wakazeeka na kingine kila mwaka mtu mpya. Fundi wangu alitaka kuziba zote na kuupiga randa uwe laini nikamwambia ukigusa sikulipi.

Bei: elfu nne na mia tano, alianzia sita. Fremu nimeongeza elfu moja na hapo ndo nilipoumia, maana ilikuwa imebunguliwa kwa ndani na juu haikuonyesha kitu, tumefika nyumbani fundi akaigonga na nyundo ikamwaga unga. Kwa hivo nawaambia, nendeni na bisibisi, dungeni pembe zote nne za chini, pale panapogusa sakafu ndo mchwa anaanzia. Nilirudi nayo, mzee akaitazama, akanipa nyingine bila maneno ila nauli ya mkokoteni ya kurudi ilikuwa juu yangu, mia tatu. Risiti hakuna. M-Pesa anapokea lkn kwa namba ya mtoto wake ambaye hayupo mara zote.

Tatizo langu kubwa ni jingine. Mzee hajui, au hasemi, kitu gani kimetoka nyumba gani. Yote imeegemezwa pamoja. Na mie nimezaliwa huku, nilikuwa napita kwenye ile milango nikiwaza huu si wa kule tulikokuwa tunanunua barafu za mfuko? Huwezi kujua. Upande wa Mji wa Kale ukitaka kugusa nyumba lazima upite kwa watu wa uhifadhi. Huku ng'ambo kinachohesabika zaidi kama kumbukumbu ni kengele pale njia panda, ya wale watumwa walioachwa huru wakawekwa Frere Town na wamishenari mwaka 1875, inasemekana iligongwa majahazi ya watumwa yakionekana, na hata hiyo makanga wanaitaja mara elfu kwa siku, Kengeleni Kengeleni, abiria hainui macho. Nyumba ya udongo ya vyumba sita nani ataiwekea kibao? Kwa hivo hapo uwanjani, katikati ya kuku wa mzee, ndo kuna kumbukumbu ya Kisauni yote na imechanganywa kama mitumba.

Na sisemi kama mtu msafi. Kwetu pia tumevunja tukajenga juu, ila sisi tulikuwa na bahati ardhi tulishanunua. Mamangu alikubali ramani yote isipokuwa kimoja, alisema nyumba isokuwa na baraza ni stoo, fundi akachora upya. Mlango ulipofika akauzunguka mara mbili akasema, "Umeniletea mlango wa watu." Sasa hivi ndo anaegemea hapo akichambua mchicha.

Nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa fremu na kwa ile habari ya kutojua kitu kimetoka wapi. Nilimshauri achukue chaki aandike nyuma ya kila mlango, akasema ataona. Jumamosi nimerudi kwa ajili ya madirisha, na kweli ameandika, mwandiko mzuri wa madrasa kabisa, kila mlango nyuma: KISAUNI. Nikamwambia mzee, Kisauni yote hii? Akaniambia, "Si ndo ilikotoka."

Madirisha nimechukua manne, elfu moja moja, hayana mchwa, nimedunga.