Kumuuguza mzazi mwenye dimensia ughaibuni: uzoefu wangu na huduma inayojali lugha na desturi zetu

Namuuguza baba mwenye dimensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na sasa tunahudumiwa na kitengo kilichowekwa mahsusi kwa familia za jamii za wachache. Wenzangu wanaouguza wazazi ugenini wamekuwa wakiniuliza kama kuna tofauti yoyote na huduma ya kawaida. Ipo, na huanzia kwenye kipimo chenyewe.

Kwingine baba alipimwa kwa MMSE, kipimo cha kumbukumbu na fikra cha mwaka 1975 kinachotumika sana duniani. Taja tarehe ya leo. Mia toa saba, toa saba tena, endelea. Yote kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Mzee ambaye hakukaa sana shuleni anaweza kupoteza alama hapo hata kama kumbukumbu yake haina tatizo. Kitengo hiki kinatumia RUDAS, kipimo kilichotengenezwa Australia kwa kuwafikiria watu wa lugha na asili mbalimbali, kikachapishwa mwaka 2004. Mgonjwa hutajiwa vitu vinne vya kununua dukani avikumbuke baadaye, huonyesha mkono au mguu anaoambiwa, huiga mchezo wa viganja, huchora mchemraba, hueleza atakavyovuka barabara yenye magari mengi na isiyo na taa, kisha hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Alama ni 30. Akipata 22 au chini ya hapo, inabidi achunguzwe zaidi. Majibu ya mwisho hutolewa na daktari baada ya uchunguzi huo.

Na aliyetafsiri alikuwa mkalimani wa kazi hiyo, si mimi. Hili kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mtoto akitafsiri humbeba mzazi bila kukusudia: jibu lililopinda hulinyoosha, swali la aibu huliruka. Mzazi naye atamwambiaje daktari, mwanawe akisikiliza, kwamba siku hizi hawahi kufika chooni? Kwa mkalimani baba aliyasema hayo, na ndipo tukaanza kusaidiwa.

Dimensia ikizidi, lugha ya ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kupotea, ya utotoni ikabaki. Kabla ya kuja kwenye kitengo hiki baba aliandikwa kuwa mkaidi kwa sababu tu hakuwa akiitikia maagizo. Mhudumu aliyepangiwa sasa anazungumza Kiswahili, tena kabla ya kuanza aliuliza mzee aitwe nani, huswali saa ngapi, na nani anaruhusiwa kumwogesha. Baba ametulia sana tangu hapo.

Kikundi cha walezi nacho ni kizuri. Huko hakuna anayekuambia kwamba ni uzee tu au amerogwa, wala anayedhani kwamba kwa kuwa sisi hutunzana nyumbani hatuhitaji msaada. Nimeichoka sana dhana hiyo. Ofisi nyingi bado zinayo.

Kasoro zipo. Kikundi hukutana mchana wa siku za kazi, wakati walezi wengi wako vibaruani. Vipeperushi vya Kiswahili vimeandikwa kwa lugha nzito, na wazee wasiosoma wangefaidika zaidi na maelezo ya kusikiliza.

Bado nawashauri mjiandikishe. Mkipiga simu, ombeni mkalimani siku hiyohiyo, na mseme kama mzazi angependa awe mwanamke au mwanamume. Sisi tulipewa tuliyemtaka kwa sababu tulisema mapema.