College Football Hall of Fame, Atlanta: nilikwenda kumtafuta kocha msaidizi

Mwanangu wa kwanza ni kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kinga za mabegani, katika chuo kidogo huku kusini mwa Marekani. Mimi nimezaliwa Likoni. Mpira niliokulia ni wa kupigwa kwa mguu, na kwa miaka mingi akinipigia simu kunieleza kazi yake nilikuwa naitikia tu "haya, mwanangu" na nusu ya maneno yakinipita. Julai alipata siku chache kabla ya mazoezi ya Agosti, akaja kwangu Clarkston, mji mdogo jirani na Atlanta. Nikamwambia nipeleke mahali nikaione hiyo kazi yako. Akanileta hapa, kwenye jumba la magwiji wa mpira huo wa vyuo.

Nianze na usafiri, maana wengi wetu Clarkston hatuna gari. Tulichukua basi hadi kituo cha Indian Creek, tukapanda treni ya MARTA ya laini ya buluu, na treni hiyo hiyo ikatushusha karibu na jumba bila kubadilisha. Jumba liko kando ya Centennial Olympic Park. Lilifunguliwa 2014, baada ya kuhamishwa kutoka South Bend, Indiana. Tiketi tulikata kwenye simu usiku wa kuamkia safari.

Kitu cha kwanza kukupokea ni ukuta wa kofia, zaidi ya 700, zimepangwa kutoka chini mpaka usawa wa ghorofa ya tatu. Unapojiandikisha unataja chuo chako, na kofia ya chuo hicho inawaka taa pale ukutani. Mwanangu alitaja chuo anachofundisha, ambacho hata majirani zangu hawajawahi kukisikia. Tukasimama tunatazama juu, shingo zinauma. Ikawaka! Ilikuwa juu sana, imebanwa katikati ya nyingine, na mwanangu akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika kwenye feri akiwa mdogo. Kofia ya chuo chake na ya Alabama, chuo kikubwa katika mchezo huu, ziko ukuta mmoja. Kwa hilo peke yake nauli yangu ilirudi.

Chini kuna uwanja wa ndani wa nyasi bandia, yadi 45, watoto wanarusha mipira na kupiga mikwaju ya golini. Ukienda na watoto, wape muda mrefu hapo, wala usiwaharakishe. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama tisa, kila akirusha mpira unapinda kushoto. Mwanangu alimwomba ruhusa mama yake, akachuchumaa nyuma ya yule mtoto, akamgeuza mguu wa kushoto kidogo tu, upana wa vidole viwili, akainua kiwiko chake. Mpira ukaenda sawa. Hakusema zaidi ya maneno matatu, na jina lake yule mtoto hakuliuliza. Mimi nilikaa kwenye benchi nikitazama, na nikaielewa kazi yake kuliko kwa simu zote za miaka sita.

Maonyesho ya katikati, ya nyimbo za vyuo na meza za watangazaji, ni mazuri na yana kelele. Tulipita haraka.

Ghorofa ya tatu ndiyo ya magwiji wenyewe, na huko ndiko tulikokaa zaidi. Mwanangu alinionyesha jina la Bobby Bowden, aliyekuwa kocha mkuu wa Florida State, aliyeingizwa 2006. "Mama, unajua ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa nani?" Mickey Andrews, tangu 1984 hadi 2009. Ubingwa wa taifa wa 1993 na wa 1999, yeye ndiye aliyeuongoza ulinzi. Kati ya magwiji, Andrews hayumo. Tukaenda kwa Frank Beamer wa Virginia Tech, aliyeingizwa 2018. Beamer alipohamia Virginia Tech 1987 akitokea Murray State, alikuja na kijana anaitwa Bud Foster, ambaye baadaye akawa mkuu wa ulinzi wake. Beamer alistaafu mwishoni mwa msimu wa 2015, Foster akabaki mpaka 2019. Naye hayumo.

Foster ndiye aliyenigusa. Alama ya ulinzi wake ilikuwa mkebe wa bati wa chakula, ule wanaoingia nao mgodini wachimba makaa ya mawe, na wachezaji wake walikuwa wakienda nao mechini. Hapo sikuhitaji kuelezwa. Baba yangu alikuwa kuli Kilindini, na mkebe wake, kifuniko kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ulikuwa ukitoka mlangoni kabla ya adhana ya alfajiri. Nilimweleza mwanangu habari hiyo pale pale, mbele ya jina la Beamer. Alikuwa hajawahi kuisikia.

Sababu ya wao kutokuwemo ni kanuni. Kocha haingii humu mpaka awe amekuwa kocha mkuu kwa angalau miaka 10 na mechi 100. Kanuni inawekwa na National Football Foundation. Wahudumu wa jumba hawana kosa, na walitupokea vizuri mno. Lakini mimi kama mama nasema wazi kwamba kanuni hii haiwatendei haki. Kuanzia 2018 hadi 2024 vyuo vikubwa viliruhusiwa makocha wasaidizi 10 kila kimoja, kutoka tisa wa awali. Kumi nyuma ya mmoja! Na huyo mmoja akifukuzwa, kwa kawaida wanaondoka pamoja naye. Mwanangu yalimkuta katika chuo ambacho sitakitaja. Alisoma habari ya kocha mkuu wake kwenye simu akiwa safarini kwenda kumwona mwanafunzi wa sekondari waliyemtaka chuoni, na mwisho wa mwezi akahamisha godoro lake kwa rafiki. Kabla ya hapo alikuwa kocha mwanafunzi kwa miaka miwili, anakata video za mechi usiku na kuchora kadi. Likizo moja alizichorea mezani kwangu jikoni: duara kwa kila mchezaji wa timu pinzani, mshale wa kalamu nyekundu kwa anayekimbia, kadi baada ya kadi, ili wachezaji wa akiba waige wapinzani mazoezini. Nilizihesabu zikafika 60, chai yake ikapoa.

Wanaoishi Georgia watasema mbona Kirby Smart, kocha mkuu wa University of Georgia, alifika? Kweli. Ukocha aliuanzia Valdosta State, akaenda Florida State 2002 akiwa kocha mwanafunzi, Andrews akiwa ndiye mkuu wa ulinzi pale. Akapita LSU (Louisiana State), Georgia, na Miami Dolphins, timu ya wachezaji wa kulipwa, akakaa Alabama miaka tisa. Alikabidhiwa Georgia baada ya msimu wa 2015, na akachukua ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Mwanangu anaijua orodha hiyo kwa moyo, na mimi sasa naijua.

Natoa nyota nne. Tengeni muda wa masaa matatu, manne mkiwa na watoto. Nendeni na mtu anayeujua mchezo, la sivyo ghorofa ya tatu itakuwa majina matupu kwenu. Nyota ya tano nitaiongeza siku watakapowawekea makocha wasaidizi hata ukuta mmoja.

Tukiwa kwenye treni nilimuuliza kama hawana tuzo yao popote. Akanifungulia picha. Inaitwa Broyles Award, inatolewa tangu 1996 kwa kocha msaidizi bora, kwa jina la Frank Broyles aliyekuwa kocha mkuu wa Arkansas, na wa kwanza kuipokea ni huyo huyo Mickey Andrews. Ni sanamu ya shaba ya watu wawili wanatazama uwanjani. Aliyepiga goti ni Broyles mwenyewe. Aliyesimama ni msaidizi wake, Wilson Matthews. Nilimwomba mwanangu anitumie picha hiyo, na kabla haijafika simu yake ikaita. Ilikuwa mama wa kijana mmoja wanayemtaka chuoni, anauliza mwanawe atakuwa anakula nini.