Kiti cha msanifu majengo Lubumbashi: kipindue kabla ya kuhesabu dola

Mwezi huu wasomaji watatu walionunua viti vya mitumba vilivyochorwa na wasanifu majengo maarufu wameleta malalamiko yanayofanana kama mapacha. Wa kwanza, wa mtaa wa Golf, foteyi yake (kiti kikubwa chenye mikono) ya ngozi imeng'oka mgongo. Wa Kampemba alibaki ameshika mkono wa foteyi, mwili wake uko chini. Wa Likasi alinunua viti vinne vya ganda la faiba, na kimoja kikamwaga mgeni mezani. Wote wanauliza swali lile lile: je, tuliuziwa mbao za uongo?

Mbao zilikuwa nzima. Kilichokufa ni kipande cha mpira, kikubwa kuliko kizibo cha chupa kidogo tu, kilichogundishwa kati ya ganda na miguu. Hakuna muuzaji anayekitaja, na wanunuzi wengi hawajui kama kipo.

Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii rangi, ngozi wala kama kiti kinafaa sebule yako. Hayo unayaona mwenyewe ukiwa mlangoni. Viti vimepangwa hapa kwa jambo moja: kule chini, pasipoonekana, kiti kimeungwa kwa nini?

Mpira uliwekwa kwa akili nzuri. Mbao iliyokunjwa, au ganda la faiba, ukilifunga kwenye chuma kwa boliti tupu, kila unapoegemea uzito wote unakwenda kwenye tundu moja na ganda linapasuka. Mpira unakubali kunyumbuka, unagawa uzito. Lakini mpira huzeeka. Joto, mwanga wa jua na hewa yenyewe huufanya mgumu, kisha hupasuka nyufa ndogo ndogo kama matope yaliyokauka. Kiti kimekaa nyumba ya Ubelgiji miaka 60, kikaja ndani ya kontena la chuma majuma kadhaa, kikavuka Kasumbalesa, kikatua mji ulio juu ya mita 1,200 wenye jua kali. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ni kavu na mbao hunywea. Mvua zikirudi huvimba tena. Gundi iliyo kati ya mbao na mpira huvutwa huku na huku, na siku moja huachia. Ndiyo maana kiti kinaweza kusimama vizuri kabisa dukani kikavunjika kwako.

Jinsi ya kukipima

Nenda na kiwembe, taa ya simu, bisibisi bapa na tambara. Tandika tambara, laza kiti kifudifudi. Usikikalie kwanza, na hasa usiegemee.

Tafuta kila mahali chuma kinapokutana na ganda. Ukiona mpira, bonyeza ukingo wake kwa ukucha. Mpira hai unaingia kidogo na kurudi. Mpira unaokataa kabisa, au unaoacha unga mweusi kwenye kidole, umekwisha. Kisha pitisha kiwembe kwenye mstari ambapo mpira unagusa ganda, bila kusukuma. Kikiingia milimita mbili au tatu chenyewe, gundi imeanza kuachia. Mwisho shika mguu kwa mkono mmoja na ganda kwa mwingine, ukizungushe kidogo kama unayekamua nguo, ukisikiliza. Mlio mkavu wa "tik" ni wa gundi. Mlio wa chuma kwa chuma ni skrubu tu, hauna neno.

Muuzaji akisema, "Baba, hiki hakipinduliwi, ni cha Mputo (Ulaya)", mshukuru uondoke.

Nafasi ya kwanza: Artek, na sifichi upendeleo

Alvar Aalto wa Finland alichora kigoda namba 60 mwaka 1933 na kiti namba 69 miaka miwili baadaye. Kampuni ya Artek ilianza 1935 kuuza samani zake. Hakuna mpira hata chembe. Mguu ni mbao ngumu ya mti wa betula. Ncha ya juu hupasuliwa kwa msumeno kufuata nyuzi, vipande vyembamba vya mbao vyenye gundi huingizwa kwenye mipasuo hiyo, kisha hukunjwa kwa pembe mraba na kufungwa kwa skrubu moja kwa moja chini ya kikalio. Skrubu ikilegea, unaikaza mwenyewe jikoni ukisubiri bukari iive.

Hapo hapo ndipo unapotambua nakala. Tazama mguu ubavuni. Wa Aalto una mistari ya matabaka juu tu, penye kona na karibu yake. Kuteremka hadi sakafuni ni mbao moja. Nakala nyingi zina mistari hiyo tangu juu hadi chini, kwa sababu mguu mzima ni tripleksi (plaiwudi) iliyokunjwa. Hakuna rangi inayoweza kuficha hilo ukikwaruza kidogo chini ya unyayo.

Ubaya upo. Kona ikilowana mara nyingi, matabaka hufunguka. Jaribu kiwembe pale pia. Tena betula haina kinga yoyote dhidi ya mchwa, na mji wetu umezungukwa na vichuguu virefu kuliko mtu. Usikiweke juu ya saruji yenye unyevu wala kukisukuma hadi kiguse ukuta. Weka kipande cha ngozi au plastiki chini ya kila mguu, na kila mwezi ukipindue utafute unga au njia ya udongo. Kwa kazi hiyo ndogo unapata kiti kitakachowakalia wajukuu. Kigoda cha sentimita 44 kwenda juu kinafaa meza ya kawaida, kinapandana kimoja juu ya kingine, na seremala yeyote wa Katuba anaweza kukitengeneza bila kukiharibu. Maneno ya mwisho hayo siwezi kuyasema kwa kingine chochote hapa chini.

Ya pili: Fritz Hansen

Arne Jacobsen, msanifu majengo wa Denmark, alitoa kile cha miguu mitatu kiitwacho Mchwa mwaka 1952 (jina baya kwa Katanga, lakini hatukuulizwa), kisha namba 3107 mwaka 1955. Ganda ni la matabaka membamba ya mbao. Miguu hukutana katikati chini ya kikalio. Mpira upo, ila si wa kubeba kila kitu: ni vituo vidogo vinavyozuia vyuma visigonge ganda. Vikikauka vikadondoka, watu hawajali, kwa sababu kiti bado kinasimama. Kumbe kila mtu anapokaa chuma kinapiga mbao, na baada ya muda ufa unatokea. Vihesabu. Kama kimoja kimepungua, bei ipungue. Kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache na vipya vinauzwa.

Kitu cha kukataa moja kwa moja ni ufa kwenye kiuno, pale ganda linapokuwa jembamba kati ya kikalio na mgongo. Pitisha ukucha upande wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikwama, kirudishe. Hakuna gundi inayoponya kiuno.

Nakala ni nyingi tangu zamani. Hata kile cha picha maarufu ya Christine Keeler, mwanamitindo wa Uingereza, iliyopigwa London mwaka 1963, kilikuwa nakala, kimetobolewa tundu mgongoni. Cha kweli hakina tundu, na chini yake utafute jina la Fritz Hansen.

Ya tatu: Breuer wa bomba

Kiti cha Marcel Breuer cha mwaka 1928, cha bomba la kromu lisilo na miguu ya nyuma, hakina mpira wa kubeba. Fremu ya mbao imefungwa kwa skrubu kwenye bomba, na ndani yake kuna wavu wa kekele (henzirani). Wavu uliotoboka usikutishe, mafundi wa kekele tunao. Tishika na bomba. Angalia mkunjo wa chini karibu na sakafu, upande wa ndani: kutu yenye malengelenge au ufa mwembamba maana yake bomba limechoka. Ukilipeleka kuchomelewa, moto utaunguza kromu na chuma kitakatika tena pembeni mwa mshono. Usinunue ukifikiri utachomelea.

Ya nne na ya tano: Eames

Ndipo tunafika kwa malalamiko yote matatu. Charles na Ray Eames walitoa viti vya mbao iliyokunjwa mwaka 1946, ganda la faiba 1950, na foteyi namba 670 mwaka 1956. Ni kazi nzuri sana, na Herman Miller bado wanaitengeneza Marekani. Lakini ndio waliotegemea mpira kuliko wote.

Kwenye ganda la faiba mipira ni minne, na kila mmoja una nati ndani yake. Mmoja ukiachia, mitatu inabeba, halafu yote inafuata. Za Marekani hupimwa kwa inchi. Boliti ya M6 inafanana sana na ya robo inchi, lakini nyuzi zake ziko kila milimita 1.0 na zile kila milimita 1.27. Fundi akilazimisha, nati inazunguka ndani ya mpira na kiti kimekwisha.

Foteyi 670 naiweka mwisho. Mipira yake imejificha nyuma ya mito, pale mikono inapokutana na ganda la mgongo. Ikiachia mtu akiwa ameegemea, haitoki peke yake: inang'oa tabaka la mbao nayo. Mito ya mgongo inatoka. Muuzaji asiyekubali itolewe amekwisha kukujibu. Na kama anasema ni palisanda ya Brazil, mti huo umo kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, kwa hiyo muulize karatasi zake. Mbao nyekundu iliyopakwa vanishi nyeusi inaweza kuwa mukula wetu wenyewe.

Ukiwa nacho tayari, kazi ni hii. Funga mipira mipya kwenye chuma, weka ganda juu, chora mahali kwa penseli. Kata mpira wa zamani kwa msumeno mwembamba ukilala sambamba na ganda, usichokonoe kwa patasi. Sugua mabaki kwa msasa namba 80, ukivaa barakoa kama ni faiba. Futa pande zote kwa asetoni. Tumia gundi ya tubu mbili (epoksi) inayokauka polepole, si ile ya dakika tano, wala si sipaglu, ambayo ni ngumu na hukatika kama kioo. Acha gundi ya unene kama milimita moja. Ukibana mno inatoka yote. Vibanio vikae saa 24, na usikikalie siku tatu.

Usimruhusu fundi apitishe boliti kutoka nje. Ndilo jibu la kwanza la kila karakana, na ndilo linalopasua ganda.

Viti vya teki vya Pierre Jeanneret vya Chandigarh, mji wa India, sivipangi. Nakala zake ni nyingi mno, na mwaka 2011 India ilizuia kuvitoa nje. Nakala za plastiki za madukani hudumu miaka miwili, basi.

Na bei? Mwaka 2007 nyumba ya bati ya mchoraji Mfaransa Jean Prouvé iliyokuwa Brazzaville iliuzwa New York karibu dola milioni 5. Tangu hapo kila benchi la shule lenye mguu wa bati lililotoka upande wowote wa mto Kongo linaitwa "Prouvé", na bei yake inasomwa kwenye simu, kwenye picha ya mnada wa Paris. Mnada wa Paris unauza kiti chenye historia iliyoandikwa, kilichopinduliwa na mtu anayejua. Huku unauziwa stori: "kimetoka nyumba ya Gécamines", kampuni ya migodi. Kutoka nyumba ya Gécamines hakukifanyi kiti kuwa cha msanifu, kama vile kukaa karibu na jengo la 30 Juin hakumfanyi mtu kuwa Claude Strebelle, msanifu aliyelichora. Foteyi nzuri ya afromosia iliyotengenezwa hapa miaka ya 1950 ina thamani yake. Iuzwe kwa jina lake.

Unapojadiliana, usitaje jina la mchoraji kabisa. Onyesha mpira, onyesha kiwembe kilivyoingia, taja gharama ya mipira mipya na siku za fundi, uitoe kwenye bei. Kama mpira mmoja umekufa, hesabu yote minne, maana umri wao ni mmoja.