Dagaa kwa fungu, jodari kwa kilo: miezi minane nikijenga skrini za mchezo kwa roblox-ts na React

Mpwa wangu ndiye aliyenifikisha hapa. Jioni moja alikuwa anacheza mchezo ninaoutengeneza kwenye Roblox, jukwaa la kutengeneza na kucheza michezo, wa wavuvi wanaoleta samaki wao soko la Feri, akaniita: "Mjomba, nikigusa dagaa tenga linaganda." Nikachukua simu nikajaribu. Changu, sawa. Jodari, sawa. Nilipogusa dagaa, skrini ya tenga ikafa palepale. Kwenye Studio, programu ya Roblox ya kutengenezea michezo, nikakuta maandishi mekundu yakisema nimezidisha namba kwa kitu ambacho hakipo. Dagaa kwenye mchezo wangu wanauzwa kwa fungu, hawana uzito wa kilo, na msimbo wa kuonyesha bei ulikuwa unazidisha uzito kwa bei ya kilo bila kuuliza. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limejikalia humo wiki tatu.

Wakati huo nilikuwa naandika kila kitu kwa Luau, lugha ya Roblox, skrini nikiziunda kwa mkono, Frame (kisanduku cha skrini) moja baada ya nyingine. Nikaamua kuandika upya upande wote wa skrini kwa TypeScript, yaani JavaScript yenye aina za data zinazokaguliwa, nikitumia roblox-ts na maktaba ya @rbxts/react. Nimekaa nazo miezi minane sasa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo: roblox-ts ni kompaila, programu inayogeuza msimbo wa lugha moja kuwa wa nyingine. Unaipa TypeScript, inakutolea Luau, ile lahaja ya Lua inayotumika ndani ya Roblox. React ya huku ni React ya wavuti, maktaba ya kujenga skrini, toleo la 17, iliyoandikwa upya kwa Luau, na @rbxts/react inaileta kwa upande wa TypeScript ikiwa na aina zake. Programu ya Rojo ndiyo inayopeleka mafaili kutoka kwenye folda yako hadi ndani ya Studio. Zote ni bure na msimbo wake uko wazi. Skrini unaiandika kama komponenti, yaani vipande vinavyojitegemea: komponenti ya samaki mmoja, komponenti ya tenga yenye samaki wengi ndani yake, na kadhalika. Data ikibadilika, skrini inajichora upya, hukimbizani tena na lebo moja moja kuibadilishia maandishi.

Kazi ya kwanza niliyoifanya, kabla ya kuchora hata kitufe kimoja, ilikuwa kueleza samaki wa mchezo wangu ni kitu gani. Nikaandika aina yenye sura mbili. Wa kilo ana uzito na bei ya kilo. Wa fungu ana idadi ya mafungu na bei ya fungu. Basi. Kuanzia hapo, popote nilipoandika samaki.uzito bila kwanza kuuliza huyu anauzwaje, mstari mwekundu ulitokea chini ya neno kabla sijafungua Studio. Lile kosa la dagaa lisingeweza hata kukompailiwa.

Faida kubwa zaidi niliiona mwezi wa pili, nilipotaka pweza auzwe mmoja mmoja. Nikaongeza sura ya tatu kwenye ile aina, nikahifadhi faili, na kompaila ikanipa orodha ya sehemu saba: kadi ya samaki, jumla ya tenga, dirisha la mnada, risiti, na nyingine ambazo nilishazisahau kabisa. Hiyo ni kwa sababu kila funksheni nilikuwa nimeitangazia inarudisha nini, hivyo iliyokosa jibu la pweza ilijulikana. Nikazipitia moja baada ya nyingine kwa saa moja na nusu. Zamani kazi hiyo ningeifanya kwa kutafuta maneno kwenye mafaili, kisha kungoja mpwa aniite tena.

Makosa madogo nayo yanakamatwa humohumo. Elementi za Roblox zinaandikwa kwa herufi ndogo, frame, textlabel, textbutton, na kila moja inajua sifa zake. Ukiandika Txt badala ya Text, haipiti. Ukiipa Size namba tupu badala ya UDim2, aina ya Roblox ya kueleza ukubwa, haipiti. Nikiri kwamba Luau yenyewe ina aina, na ukiandika --!strict juu ya faili inakukagua vizuri tu. Ila kwa skrini zangu, sifa nilizokuwa nazipitisha kama jedwali zilikuwa zinateleza bila kukaguliwa, na hapo ndipo makosa yangu mengi yalipokuwa yanazaliwa.

Sasa saa ya mnada. Kila samaki anayenadiwa ana sekunde 20, na juu yake kuna mstari wa kijani unaofupika. Mara ya kwanza niliuendesha kwa useState, njia ya kawaida ya React ya kutunza data inayobadilika, yaani kila fremu (kila picha mpya ya skrini) komponenti nzima ya mnada ilikuwa inahesabiwa upya ili mstari upungue kidogo. Kwenye kompyuta sikuona kitu. Kwenye simu ya mpwa, yenye RAM ya gigabaiti 2, mchezo ulikuwa unakwama kama daladala la saa kumi na moja jioni. Dawa yake ni useBinding, ambayo React ya wavuti haina. Thamani inaunganishwa moja kwa moja na sifa ya Size, inabadilika bila komponenti kuitwa tena. Nilibadilisha mistari sita hivi, na kukwama kukaisha. Mtu anayetoka kwenye kazi za wavuti hatajua kitu hiki kipo asipoambiwa, kwa hiyo namwambia: chochote kinachosogea kila fremu kiendeshe kwa binding.

Nataka nieleweke pia ambapo aina hazikusaidii, kwa sababu mimi nililewa nazo kidogo mwanzoni. Skrini zangu zote zilikuwa zinapotea mchezaji akifa na kurudi. Msimbo ulikuwa safi, hakuna wekundu popote. Sababu ilikuwa ResetOnSpawn ya ScreenGui (chombo kinachobeba skrini), mpangilio ambao kwa kawaida umewashwa, na mimi sikuuzima. Mara nyingine nilisahau kukata muunganiko wa tukio ndani ya useEffect, sehemu ya komponenti inayoshughulika na vitu vya nje yake. Kila dirisha la mnada lilipofunguliwa msikilizaji mpya aliongezeka na wa zamani alibaki. Baada ya kulifungua na kulifunga mara kumi, bofyo moja lilikuwa linaweka madau kumi. Kompaila haioni mambo hayo. Unayaona kwa kucheza mchezo wako mwenyewe, kwa muda mrefu, kwenye simu dhaifu.

Jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni lugha. Mchezo wangu una Kiswahili na Kiingereza. Maneno yote ya Kiswahili nimeyaweka kwenye jedwali moja, na jedwali la Kiingereza nimelitangaza kwamba lazima liwe na funguo zilezile. Nikiongeza "Weka dau" upande mmoja na kuusahau mwingine, msimbo haukompailiki. Mara ngapi umeona programu inayosema Kiswahili vizuri, kisha kitufe kimoja katikati kinakutolea jina la ufunguo? Kwangu haitokei tena. Upana wa maneno lakini ni juu yako. "Bid" ina herufi tatu, "Weka dau" ina saba na nafasi, na vitufe nilivyovipima kwa Kiingereza vilimeza maneno yetu. Nilivipa AutomaticSize (vijipanue vyenyewe) pamoja na UIPadding (nafasi ya pembeni), na sasa kila komponenti mpya naitazama kwanza kwa Kiswahili ndani ya UI Labs, plagini inayokuonyesha komponenti peke yake bila kuwasha mchezo mzima.

Kuna mambo ya kuzoea. TypeScript hairuhusu alama ya kujumlisha kwa UDim2, hivyo unaandika a.add(b). Urefu wa orodha ni size(), length haipo. Null haipo, ni undefined tu. Na any, aina inayokubali chochote bila kukaguliwa, imekataliwa: kompaila inakuambia utumie unknown na uthibitishe mwenyewe kilichomo ndani. Hili la mwisho lilinikera wiki ya kwanza. Sasa naliona kuwa ndiyo nguzo ya kila nilichokisifu hapo juu, kwa maana any moja tu ingetosha kuficha dagaa wangu.

Linalohitaji subira zaidi ni kufuatilia hitilafu wakati mchezo unaendesha. Ujumbe unakuonyesha mstari wa faili la Luau lililozalishwa, si wa faili lako la TypeScript. Luau hiyo inasomeka, majina yako yamebaki, lakini lazima ujifunze kuisoma. Ndiyo maana simshauri mtu ambaye hajawahi kuandika Luau hata kidogo aanzie hapa. Tengeneza kwanza mchezo mmoja mdogo kwa Luau, ujue Frame na ScreenGui zinafanyaje kazi, halafu njoo.

Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Studio, kihariri na kompaila inayoangalia mafaili zikiwaka pamoja, kivinjari nakifunga. Bando linaliwa zaidi siku ya kusakinisha pakiti. Baada ya hapo nafanya kazi siku nzima mtandao ukitumika na Studio tu. Faili la kufungia matoleo ya pakiti lihifadhi pamoja na msimbo, maana mimi na mwenzangu anayechora mitumbwi tuliwahi kuwa na matoleo mawili tofauti na tukapoteza Jumamosi nzima.

Wiki iliyopita mpwa aliomba samaki waweze kukaushwa, na ng'onda wapande bei. Nimeshaongeza sura ya nne. Kompaila inanionyesha sehemu tisa, nimebakiza mbili.