Kigoma kwa siku moja na mwongozaji wa kukodi: Kibirizi, Katonga hadi Ujiji (uzoefu wangu)

Ukija Kigoma na mtu mzima ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda milima ya Gombe, hifadhi ya sokwe, kodi gari lenu wenyewe na mwongozaji kwa siku nzima, mzunguke mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Kibirizi hadi Ujiji. Ndivyo nilivyofanya na mama yangu mzazi tulipotoka Tabora, na nasema bila kusita kwamba hela yetu ilikwenda mahali pake. Sababu kubwa ni kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa Katonga. Alipanga siku kwa kufuata ziwa lenyewe: wavuvi wanarudi saa ngapi, dagaa wanaanikwa saa ngapi, upepo unaanza kuvuruga maji saa ngapi. Vivutio vikaingia humo humo.

Hilo nililiona tangu siku ya kuweka oda. Nilimpigia nikamtajia tarehe, naye kabla ya kuzungumzia bei akauliza kama nimeangalia mwezi. Akanieleza kwamba tarehe nilizochagua mwezi utakuwa mpevu, na usiku wa mbalamwezi uvuvi wa dagaa karibu wote unasimama. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa. Kukiwa na giza taa moja inawakusanya chini ya mtumbwi. Mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kusogea. Siku hizo wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na wewe mgeni utakuta ufukwe mtupu. Tukasogeza safari mbele hadi giza liliporudi. Mwingine angechukua hela yangu akanyamaza.

Akauliza na habari za mama: anakula nini, ana dawa za kumeza kwa saa, anaweza kukaa kwenye mtumbwi au abaki ufukweni. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 200,000 kwa gari zima aina ya Noah, pamoja na mafuta, dereva na yeye mwenyewe. Viingilio, chakula na boti vilikuwa juu yetu. Mkiwa watu wanne au watano mkigawana, mzigo unakuwa mwepesi.

Walitufuata saa kumi na mbili alfajiri, kwa wakati. Kijana akashuka, akampa mama shikamoo, akamfungulia mlango wa mbele, na tangu hapo hadi jioni akawa anamwita "bibi". Tukaenda Kibirizi moja kwa moja kabla hata ya chai.

Kibirizi iko kaskazini kidogo ya mji, na asubuhi ile palikuwa na pilika za haja. Mitumbwi ya uvuvi, mingine imeunganishwa miwili miwili kwa magogo marefu, ilikuwa inaingia mmoja baada ya mwingine, taa zimeshazimwa zikining'inia juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa jua. Kina mama wenye mabeseni walikuwa wanaingia majini hadi magotini kuwahi mtumbwi kabla haujagusa mchanga, na bei ilikuwa inatajwa pale pale kwa sauti, huku dagaa bado wanang'aa kama sindano. Mama yangu, ambaye maisha yake yote amekuwa akinunua dagaa wa Kigoma wakiwa wakavu ndani ya kiroba sokoni Tabora, alisimama akaangalia kwa muda mrefu. Hakuna aliyetuharakisha. Katika gari la watu wengi mngeshapigiwa honi.

Hapo hapo Kibirizi ndipo zinapoondokea boti za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Gombe haifikiki kwa gari, ni kwa maji tu. Kijana alituonyesha milima yake kwa mbali na kumweleza mama habari za Jane Goodall, aliyefika kule Julai 1960 kuwachunguza sokwe, miaka minane kabla eneo halijawa hifadhi ya taifa. Wenye miguu na bajeti waitengee Gombe siku yake peke yake. Kuichanganya na mzunguko huu ni kuharibu vyote viwili.

Jambo jingine la kuliona Kibirizi ni jinsi ziwa lilivyopanda miaka ya karibuni. Kuna mahali mtu alikuwa na kibanda cha biashara na sasa ni maji. Likumbukeni hilo, maana kule Ujiji lilirudi kwa namna ambayo sikuitarajia.

Mjini tulipita kwa muda mfupi. Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, mwisho wa reli, na reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1914. Bandarini tulisimama kwa nje tu, na kijana alituonya tusipige picha bila ruhusa. Hapo alitusimulia habari za meli ya Liemba, na kwa msimulizi kama yule hata dereva aliacha simu. Meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaungwa upya hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mama aliuliza kwa nini mtu apake grisi kitu anachokizamisha. Kijana akajibu, "Bibi, walikuwa na nia ya kurudi." Tulipokwenda sisi meli ilikuwa kwenye ukarabati kwa muda mrefu, kwa hiyo msije mkitegemea kuipanda bila kuulizia kwanza.

Kutoka mjini barabara inaelekea Bangwe na Katonga, na kipande hiki ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho. Unapanda, unashuka, ziwa linajificha nyuma ya kilima na kujitokeza tena upande wa kulia, maji mepesi ya kijani kwenye miamba na buluu nzito mara tu kina kinapoanza. Na kina hicho si mchezo: Tanganyika linashuka hadi mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Tulikwenda baada ya mvua kuondoa vumbi, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo. Kijana alisema wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vikizidi, unaweza kukaa Kigoma usiione kabisa milima hiyo. Kama unataka picha, panga kuja baada ya mvua.

Katonga ni kwao, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya kuongozwa na mtu wa mahali. Tulipita katikati ya vichanja vya dagaa, meza ndefu za miti zilizotandazwa wavu, na kila mama aliyekuwa akianika alimsalimia kwa jina. Mmoja akamvuta mama yangu kando, akamwekea viganjani dagaa wa aina mbili. Wa kwanza walikaushwa mchangani, wa pili kichanjani. "Sugua," akamwambia. Mama akawasugua kwa vidole. Wa kwanza waliacha chembe za mchanga kiganjani, na ukiwatafuna unazisikia kwenye meno hata kama umewaosha mara tatu. Wa pili waliacha mafuta tu, ngozi haikuchubuka, na rangi ilikuwa ya fedha iliyokolea, haijageuka njano. Akamwonyesha pia jinsi ya kujua dagaa walionyeshewa mvua wakakaushwa tena: kichwa kinaachia ukikigusa. Wa kichanjani bei yao iko juu, na sasa tunajua kwa nini. Walizungumza wale wawili kama watu waliokua nyumba moja, sisi wengine tumesimama juani. Mama alinunua debe zima bila kupunguziwa sana, na hakulalamika.

Msije miezi ya kufungwa uvuvi bila kuuliza. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na wakati kama huo Katonga na Kibirizi hazitakuwa hizi ninazozieleza.

Kuogelea tuliogelea upande wa miamba, mbali na matope na majani. Hapa mwongozaji alikuwa mkali. Ziwa hili lina kichocho sehemu zenye maji yaliyotulia na konokono, na kuna sehemu zina mamba, kwa hiyo haifai kila mtu kujitumbukiza anapopenda. Alikopesha miwani ya kuzamia, nikaona wale samaki wadogo wa mawe wanaosifiwa dunia nzima, wa njano, wa milia, wa buluu, kila mmoja analinda jiwe lake. Mamia ya aina zake hazipatikani ziwa jingine lolote. Sikujua kama ni wa rangi kiasi hicho. Mama alibaki chini ya mti na kahawa.

Boti ndiyo iliyonichefua. Tuliahidiwa mzunguko mfupi kwa bei fulani. Mwenye boti alipofika akataja bei nyingine, tena akiwa na laifu jaketi pungufu ya idadi yetu. Kijana alikataa kata kata tusipande. Yule bwana akasema maji yametulia na hapa ni karibu tu. Kijana akamwambia atafute jaketi ama aondoke, na tukakaa karibu saa nzima hadi zikaletwa. Bei ilirudi kuwa ile ya mwanzo. Nampa mwongozaji heko kwa msimamo ule, lakini kampuni yake inapaswa kumalizana na watu wa boti kabla mgeni hajafika. Muda ule tuliupoteza bure. Na kiyoyozi cha gari hakikufanya kazi siku nzima. Kwa mtu mzima saa nane mchana, kufungua madirisha hakutoshi.

Mchana tulikula mgahawa wa kawaida, si wa watalii: samaki aina ya migebuka waliokaushwa wakapikwa kwa mawese, sombe (kisamvu), na ugali wa muhogo. Ukizoea mafuta ya alizeti, mawese ya Kigoma yatakushangaza kidogo mwanzoni, halafu utaongeza mchuzi.

Jioni ikawa zamu ya Ujiji. Barabara ya kwenda huko imepakana na miembe mikubwa mizee, na mama alipoiona akasema, "Hii ni ndugu wa ile ya kwetu." Kweli kabisa. Njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilitoka hapa Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo. Kwenye jumba la kumbukumbu kuna mnara wa mawe mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, sanamu mbili za ukubwa wa mtu zinazoinuliana kofia, na miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku ile. Wengi hupiga picha na sanamu wakaondoka. Sisi kijana alitusimamisha kwenye mnara, akamwuliza mama, "Bibi, ziwa unaliona wapi?" Liko mbali, chini huko. Akaeleza kwamba wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi na hapa. Mto Lukuga, ambao ndio unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa likashuka mita nyingi, na ufukwe ukaikimbia Ujiji. Kwa hiyo vibanda vilivyomezwa Kibirizi asubuhi si kitu cha kwanza ziwa hili kufanya. Nimesoma habari za Livingstone tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kunieleza hilo.

Akamalizia kwa Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone waliobeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873, hadi Bagamoyo, wakipita Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu. Mama yangu ameshafika kwenye tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Akamweleza kijana jinsi lilivyo, milango yake na ua wake, na safari hii kijana ndiye aliyekuwa anauliza maswali.

Kwa atakayekwenda: uliza kalenda ya mwezi kabla ya kulipa kianzio, na wakikosa jibu tafuta wengine. Sisitiza mwongozaji awe mtu wa vijiji vya ziwani, na jina lake ulijue mapema, maana wengine hukubadilishia asubuhi. Bei ya boti iandikwe kwenye ujumbe wa simu pamoja na idadi ya laifu jaketi. Kiyoyozi kijaribiwe kabla gari halijaondoka. Beba kofia, maji, hela taslimu za Katonga kwa sababu mtandao unasumbua, na chombo kigumu kinachofunga vizuri. Harufu ya debe la dagaa ndani ya Noah isiyo na kiyoyozi haiwaachi hadi mfike Tabora.